Ghorofa za bei nafuu nyuma ya nyumba zetu Mtwara, madirisha yote yanatazama uani. Tuombe nini kabla msingi haujachimbwa?

Korosho Ghafi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko Mtwara mjini, mtaa wa zamani upande wa Chikongola. Ni nyumba za Kiswahili tupu: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Nyuma ya safu yetu kuna kiwanja kirefu ambacho miaka yote kilikuwa cha watoto kuchezea na watu kupita. Sasa kuna taasisi moja (siitaji) inaleta mradi wa nyumba za gharama nafuu, majengo mawili ya ghorofa nne nne.

Mkutano wa mtaa uliitishwa, tukaoneshwa picha ya rangi. Imependeza, sikatai. Kuna miti ya mapambo, gari jekundu, na dada anatembeza mbwa wa manyoya marefu. Mbwa, Chikongola! Ramani yenyewe haikutolewa mpaka mama mmoja alipoiomba kwa sauti. Tukaitazama mezani kwa haraka, ikakunjwa.

Tulichokiona ni hiki. Upande mrefu wa majengo yote mawili umegeuzwa kwetu. Vyumba vya kulala na balkoni zinatazama moja kwa moja kwenye nyua zetu. Aliyekulia ghorofani anaweza asielewe: uani ndiko tunakopika, tunakofua, tunakooga, na bafu zetu nyingi hazina paa. Shangazi yangu amefiwa na mume karibuni, yuko eda. Kwa sasa uani ndiyo dunia yake yote. Mtu wa ghorofa ya tatu akitoka kuanika taulo anamwona mpaka anachokula.

La pili, kichochoro cha kwenda msikitini na shuleni kimezibwa na ukuta wa fensi. La tatu ni maji. Kiwanja kiko juu kidogo kuliko sisi, na mashimo ya maji taka yamechorwa kwenye kona ya chini, ukutani kwetu kabisa. Mtaani hatuna bomba la maji taka, kila mtu na shimo lake.

Hatupingi nyumba. Naliandika hili mapema kwa sababu watu wa Mtwara tulishapewa jina la wapinga maendeleo tangu sakata la bomba la gesi kwenda Dar la 2013, na mtu akifungua mdomo kidogo tu anakumbushwa. Tunataka mchoro urekebishwe. Tumwandikie nani, na tuombe nini hasa? Wanasema wanataka kuanza kabla ya mvua za Desemba.

Nesi wa Zamu

Pole kwa msiba wa shangazi. Sasa niseme lisilopendeza.

Mimi ni mpangaji hapahapa Mtwara. Nalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, choo tunachangia nyumba nzima, na nikitoka zamu ya usiku silali kwa kelele. Enzi za gesi kodi zilipanda, gesi ikatulia, kodi nyingi zikabaki hukohuko juu. Leo zinakuja nyumba ambazo mtu kama mimi anaweza kuzifikiria, wenye nyumba mnaanza habari za madirisha. Ezekeni bafu. Bati tatu tu.

Korosho Ghafi

Dada, bafu tutaezeka, hilo halina mjadala. Jiko je? Kamba ya nguo je? Halafu katika nyumba yetu ya vyumba sita, sisi wenyewe tuko viwili. Vilivyobaki ni wapangaji, na uani ni wao pia. Wapo wanaosema wakipata nafasi watahamia humohumo ghorofani.

Nesi wa Zamu

Hilo la wapangaji nimelipokea. Ila barua yenu isije ikaandika "watu wa kuja" au "wahuni watajaa". Nimewahi kusoma barua ya namna hiyo ya mtaa mwingine. Ukiondoa salamu, yote yaliyobaki yalikuwa matusi kwa watu wasio na nyumba.

Bandari Salama

Uzeni viwanja mhamie Mangamba mkalime mihogo, stara ipo tele 😂

Mchora Ramani

Mkuu Korosho, kazi yangu ni hiyo ya kuchora, nikusaidie.

Kwanza msichoombe: msiombe wapunguze ghorofa. Gharama ya ardhi, msingi na paa inagawanywa kwa idadi ya nyumba. Ukiwaondolea ghorofa moja, bei ya kila nyumba inapanda, na mkitoka mkutanini mtakuwa ndio mliomfukuza Nesi. Mtashindwa, na mtastahili kushindwa.

Ombeni jengo ligeuzwe, au uso wake unaowatazama ubadilishwe. Uliposema kiwanja ni kirefu na upande mrefu uko kwenu, nyumba zenu ziko upande gani wa kiwanja?

Korosho Ghafi

Magharibi. Jua linazama nyuma yetu.

Mchora Ramani

Basi mna bahati, kwa sababu hoja yenu na ya wapangaji wajao ni moja.

Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi: mwezi Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa na kipaa kilichotokeza, jua haliingii ndani. Ukuta wa magharibi hauna dawa hiyo. Saa kumi jioni jua limeshuka, linapenya chini ya kipaa chochote na kupiga kitandani. Chumba cha kulala kinachotazama magharibi, ukuta wa tofali la saruji, kinakunywa joto jioni nzima na kulitoa usiku. Mwenye nyumba hiyo atanunua feni, kisha atanunua kiyoyozi, na unafuu wa bei utaishia kwenye luku ya umeme.

Kwa hiyo mchoro huo hauwafai hata watakaokaa humo. Nadhani mchoraji alifuata urefu wa kiwanja tu, akalaza majengo kama kiwanja kilivyolala. Au ni mchoro uliotumika mkoa mwingine ukabandikwa hapa. Hutokea sana.

Wanaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, wavunje majengo mawili marefu yawe matatu au manne mafupi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kwenu utakuja ubavu, ambao unaweza kuwa ukuta mtupu au wenye vidirisha vya ngazi tu. Upepo wa kusi nao utapata pa kupita katikati ya majengo ufike kwenu, badala ya kugonga ukuta mmoja.

Kama watasema kiwanja hakitoshi kugeuza, la pili: majengo yabaki yalivyo lakini wapindue ndani. Vyumba na balkoni ziende mashariki. Upande wenu zije ngazi, majiko, vyoo na korido ya kupitia, na korido hiyo ikingwe kwa matofali ya matundu kuanzia sakafuni hadi juu ya kimo cha mtu. Madirisha ya majiko na vyoo yaanze juu, mita 1.7 hivi kutoka sakafuni. Hewa inaingia, mwanga unaingia, jicho haliingii. Na hiyo korido inakuwa mwavuli wa jua la jioni kwa vyumba vilivyo nyuma yake.

Kubadilisha haya sasa ni kalamu na siku kadhaa za ofisini. Nondo zikishasimama, hakuna atakayewasikiliza.

Babu Kibaraza

Vijana, mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilikufa, mradi ukafutwa 1951, barabara pana zikabaki zinasubiri magari. Mji wenye nafasi kama huu, leo tunaambiwa njia ya mguu ya mita mbili haipatikani? Kichochoro msikiachie.

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi halmashauri (si ya Mtwara), nieleze njia ya karatasi.

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 hakuna uendelezaji mjini bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na jengo linahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri. Ramani zinazopelekwa kuombewa kibali zinapita kwa afisa mipango miji, mhandisi na afisa afya. Kwa hiyo barua yenu iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ikimtaja afisa mipango miji, kupitia mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Diwani apate nakala. Swali la kwanza ndani ya barua: kibali kimeshatoka au bado? Jibu lake litawaambia mna muda kiasi gani.

Mradi wa ukubwa huo unatakiwa pia kuangaliwa kwa jicho la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la kusimamia mazingira, wana ofisi ya kanda hapohapo Mtwara. Pale mradi unapofanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira, kanuni zinadai wanaoguswa waelezwe mradi na maoni yao yachukuliwe. Nendeni mkaulize mradi umesajiliwa, na kama kuna ripoti, maoni ya mtaa yameandikwaje. Wakati mwingine mnakuta karatasi ya mahudhurio ya mkutano imeambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Mlisaini mahudhurio siku ile?

Korosho Ghafi

Tulisaini. Na soda tulikunywa.

Afisa Mstaafu

Basi muhtasari wa mkutano ule uombeni kwa mtendaji wa mtaa leo kabla ya kesho. Kama hoja zenu hazimo, barua yenu iseme hivyo wazi, kwa lugha ya heshima.

Na kazi ikianza, pale nje lazima pawe na bango lenye mwenye mradi, mbunifu majengo, mhandisi na mkandarasi. Mbunifu awe amesajiliwa na AQRB, bodi ya wabunifu majengo, na mkandarasi na CRB, bodi ya makandarasi. Bango lisipokuwepo, hilo peke yake ni jambo la kuulizia.

Ndoro Mpaka Mtanda

Salamu kutoka Lindi. Naona mmeyashikilia madirisha, maji mmeyaruka. Sisi Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya tuliona barabara ya Dar inakatika Somanga, ndipo wengi tulipoanza kuuliza maji yanapita wapi.

Fanyeni hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 600 likipata mvua ya milimita 50, ni lita 30,000, na hapo sijahesabu maegesho waliyosakafia. Zamani maji hayo yalikuwa yanazama mchangani chini ya miguu ya watoto wenu. Sasa yatateremka kwenu kwa mara moja. Ramani ioneshe mtaro unaoanzia wapi na kuishia wapi, na usiishie kwenye mpaka wa kiwanja chao.

Mashimo ya maji taka nayo yahamie upande wa barabara. Sababu ni ya kawaida tu: gari la kunyonya lazima lifike. Likikosa pa kupita, shimo linajaa, na shimo lililojaa mteremko unaujua.

Mchora Ramani

Kweli kabisa, niliyasahau mashimo. Niongeze hapo. Kama nyumba zitauzwa mojamoja, zitaangukia kwenye ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, ambayo inataka kuwe na umoja wa wamiliki wa kutunza vitu vya pamoja. Mtaro na mashimo ni vya pamoja. Ulizeni mapema nani atalipia gari la kunyonya mwaka wa tatu, wakati mwenye mradi ameshauza na kuondoka.

Jingine la haraka: kila mwenye nyumba ya jirani apige picha kuta zake sasa, ndani na nje, hasa nyufa zilizopo, picha iwe na tarehe. Mashine ya kushindilia ikianza kazi, nyumba za udongo na chokaa zinaweza kutikisika, na bila picha hakuna wa kukuamini kwamba ufa ni mpya.

Korosho Ghafi

Wakuu mmenisaidia sana. Tulikaa jana kibarazani kwa jirani, kina mama wengi kuliko wanaume. Tumekubaliana madai manne: jengo kugeuzwa au kupinduliwa ndani kama alivyoeleza Mchora Ramani, kichochoro kubaki, mtaro wenye mwisho unaojulikana, na mashimo kuhamia barabarani. Ghorofa nne tumeziacha. Hapo palikuwa na ubishi, mzee mmoja aliondoka amenuna.

Kina mama wameongeza la tano ambalo sikulifikiria: kazi ikiendelea, mafundi watakuwa juu ya jukwaa mchana kutwa kabla hata ya mpangaji wa kwanza. Wanataka turubai litandazwe upande wetu muda wote wa ujenzi.

Muhtasari nao tumeupata. Umeandikwa "wananchi waliupokea mradi kwa furaha". Swali la mama kuhusu ramani halimo.

Nesi wa Zamu

Hilo la turubai wasiwakatalie, ni usalama pia, tofali likidondoka. Andikeni sentensi moja juu kabisa kwamba mnataka nyumba zijengwe. Wapangaji wenu wasaini pamoja nanyi, majina yao yasiwe nyuma ya karatasi.

Afisa Mstaafu

Na barua isizidi kurasa mbili. Muhtasari mlioupata uambatisheni, pamoja na karatasi ya waliohudhuria wanaothibitisha kwamba swali liliulizwa. Mkifika masjala toeni nakala mbili: moja waichukue, nyingine wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani.