Dini imewahi kusimamisha vita kweli, au sie tunaomba dua tu?

Kijana_wa_Gombani
Assalaam alaykum wadau, na wasiokuwa Waislamu habari zenu. Nina suala linanikera tokea Ijumaa. Khatibu alizungumzia amani ya dunia, akataja Gaza, Sudan, Congo, akasema dawa yake watu warudi kwenye dini. Mie nakubali. Lakini baada ya sala tukakaa barazani mzee mmoja akauliza, sie Wapemba karibu sote dini moja, kibla kimoja, Ramadhani moja, mbona miaka ya tisini tulisusiana mpaka kwenye maziko? Watu kimya, hakuna aliyemjibu. Mie mambo hayo nimeyasikia tu, nilikuwa sijazaliwa. Sasa naomba mwenye mifano ya kweli anipe, ni wapi watu wameweka bunduki chini kwa kazi ya sheikh au padri? Au dini kazi yake kuomba dua na wanaomaliza ni wanasiasa? Yale ya "dini zote zinahubiri amani" nishayasikia sana, nataka kujua ilifanyikaje.

Msomaji_Darajani
Waalaykumsalaam. Mfano upo tena wa jirani zetu, Msumbiji. Vita vya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo vilianza 1977 vikaenda kama miaka kumi na tano, inakisiwa walikufa watu kama milioni moja wengi wao kwa njaa. Serikali kubwa zilishajaribu kuwakutanisha ikashindikana kwa sababu Frelimo wanasema wale ni majambazi na Renamo wanasema ile si serikali, sasa utakaa vipi na mtu usiyekubali hata kuwa yupo? Walioingia pale ni watu wa kanisa. Askofu Jaime Gonçalves wa Beira alikwenda mwenyewe msituni 1988 kuonana na Dhlakama, kiongozi wa Renamo, na Dhlakama alimsikiliza kwa kuwa ni wa kabila moja, Mndau mwenzake. Halafu ikaja jumuiya ya Wakatoliki wa Roma inaitwa Sant'Egidio, hawa ni watu wa kawaida wanaolisha maskini, hawana jeshi wala mafuta, na Msumbiji walikuwa wakipeleka misaada ya chakula na dawa tokea zamani kwa hiyo pande zote zinawajua. Mazungumzo yakaanza Julai 1990 kwenye nyumba yao Roma mtaa wa Trastevere, zamani ilikuwa nyumba ya watawa.

Angalia walianzia wapi. Mkutano wa kwanza hawakugusa uchaguzi wala jeshi, walitoa tamko kwamba sote ni watu wa familia moja kubwa ya Msumbiji. Basi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, yaliyobaki yakachukua zaidi ya miaka miwili, wanagombana, wanatoka, wanarudishwa. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Chissano wa Msumbiji na Dhlakama wakasaini Roma. Kwa hiyo jawabu yangu ni ndiyo, imewahi, lakini ilikuwa kazi ya kukaa na watu mwaka baada ya mwaka, na wapatanishi wenyewe hawakuwa wakitaka cheo wala ardhi.

Mama_wa_Kinyasini
Mwanangu Gombani huyo mzee wako kasema kweli na usimuone mkorofi. Nyinyi vijana mnasikia "kususiana" mnadhani ni kununiana. Ulikuwa ugomvi wa vyama, CCM na CUF. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi hata kama chumvi imekwisha ndani, gari ya fulani haipandwi, harusi haziendewi. Kijijini kwetu ukajengwa msikiti wa pili, karibu kabisa na wa zamani, adhana zinagongana, baba anasali huku mtoto wake kule. Nimeona kwa macho yangu jeneza linatoka nyumbani mpaka makaburini limebebwa na watu wale wale wanne, hakuna wa kuwapokea, na wewe unajua kwetu jeneza watu hugombania walau hatua mbili wapate thawabu, na majirani wamekaa vibarazani wanatazama. Wote wale wanasali sala tano.

Tatizo ni kwamba maimamu nao walikuwa na vyama. Imamu akishajulikana wa upande gani hata akisoma aya gani watu wanasikia chama tu. Ikaja Januari 2001 watu wakauliwa kwenye maandamano, hao wa haki za binaadamu waliandika si chini ya 35, na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni Kenya. Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba mwaka ule ule ukasainiwa na bado roho hazikutulia. Mpaka Novemba 2009 Rais Karume alipokutana na Maalim Seif wa CUF, Mungu amrehemu, na kura ya maoni ya Julai 2010 ya serikali ya umoja watu wakasema ndiyo asilimia 66, hapo ndio huku chini watu wakaanza kuzikana tena. Hapo ninakuwa mkweli na wewe, walitangulia wakubwa wa vyama, mashekhe wakafuata nyuma. Na ningetamani sana ingekuwa kinyume.

Kijana_wa_Gombani
Mama shikamoo na ahsante, hilo la jeneza limenichoma. Lakini hapo ndio nazidi kuchanganyikiwa, kama sie wa dini moja dini haikutuzuia, hao wa dini mbili tofauti itawazuia vipi?

Mtu_wa_Mkunazini
Naomba nijibu hapo maana mie ni Mkristo, mzaliwa wa Unguja, bibi yangu kazikwa hapa. Nyinyi mnakumbuka tisini, mimi nakumbuka 2012 na 2013. Makanisa yalichomwa Mei 2012, Novemba Sheikh Soraga wa Ofisi ya Mufti akamwagiwa tindikali, Krismasi Padri Mkenda akapigwa risasi, Februari 17 mwaka uliofuata Padri Mushi akauliwa asubuhi anakwenda kusalisha misa. Tuliogopa. Na katika walioumizwa yumo sheikh, watu wanalisahau hilo, waliokuwa wakiumia ni wale waliokuwa kati kati. Jirani zetu Waislamu walikuja kukaa na sisi uani mpaka usiku, hawakutoa hotuba, walikuja na vikombe vyao vya chai wakakaa. Kwangu mimi ile ni dini.

Sasa suala lako la dini mbili. Soma habari za Jamhuri ya Afrika ya Kati. 2013 waasi wa Seleka waliotoka kaskazini wengi wao Waislamu walipindua serikali, wakapora na kuua, wakatoka wanamgambo wa anti-balaka, wengi wao si Waislamu, kulipiza kwa Waislamu wasiokuwa na hatia, dunia yote ikasema ni vita vya dini. Watu watatu wakakataa hilo jina. Imamu Omar Kobine Layama, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou. Wakawa wanatembea pamoja, kijiji kwa kijiji, wakiingia wanaingia wote watatu. Na maisha ya imamu yalipokuwa hatarini, askofu alimchukua yeye na familia yake wakakaa nyumbani kwake miezi. Imamu anasali ndani ya nyumba ya askofu! Vita havikuisha kwa ajili yao, bado kuna shida kule, lakini wapo watu wako hai leo kwa sababu wale watatu walifika kabla ya panga. Imamu Kobine alifariki 2020, Allah amrehemu, na mimi Mkristo namuombea.

Mkweli_Daima
Sawa lakini msiseme upande mmoja. Rwanda 1994 watu walikimbilia kanisani Nyamata na Ntarama wakauliwa humo humo ndani. Na hapo hapo Msumbiji mnayoisifia, jimbo la Cabo Delgado, tokea Oktoba 2017 kuna kundi la wapiganaji wanachinja watu kwa jina la Uislamu. Mie nasema dini ni moto, inapikia na inaunguza nyumba.

Msomaji_Darajani
Mkweli umesema kweli na sikupingi. Lakini Cabo Delgado angalia vizuri. Wa mwanzo kulikataa lile kundi walikuwa mashekhe wa pale pale, wale vijana waliingia misikitini wakagombana na wazee, wakafukuzwa, na viongozi wa Waislamu walishatoa taarifa serikalini kabla risasi haijalia. Hawakusikilizwa ipasavyo. Khasa jambo hili linaniuma, sheikh anaitwa siku ya uchaguzi aje aombe amani mbele ya kamera, siku anayosema vijana hawa wana njaa na wameonewa, hana wa kumsikiliza.

Ustadh_Mtambwe
Nimesoma yote. Mama wa Kinyasini amegusa penyewe. Suratul Hujurat aya ya 9 makundi mawili ya waumini yakipigana tumeamrishwa tuyapatanishe, na aya haikuishia hapo, imetaja uadilifu. Kwa hiyo msuluhishi mwenye upande, hata awe hafidh, hajatekeleza aya. Na Hudaybiya Mtume (s.a.w.) alikubali mkataba na Maquraishi wa Makka ambao masahaba wengi waliuona ni udhalili, likafutwa hata neno "Mtume wa Allah" kwenye karatasi ili upande wa pili ukubali. Nani katika sisi leo ataacha cheo chake kifutwe kwenye karatasi ili watu wasiuane?

Na kijana ukitaka jengine tafuta habari za Kaduna, Nigeria. Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye walikuwa viongozi wa vijana wenye silaha, kila mmoja upande wake, kwenye mapigano ya 1992 Wuye akakatwa mkono, Ashafa akauliwa mwalimu wake na ndugu zake. Baadae wakakutanishwa, na hawakupendana mara moja, ilichukua miaka. 1995 wakaanzisha kituo chao cha usuluhishi na kazi kubwa wanayofanya ni kuwaendea vijana wale wale wanaobeba mapanga. Hao wanasikilizwa kwa sababu kila mtu anajua walichopoteza.

Kijana_wa_Gombani
Allah awalipe nyote. Msomaji, moja la mwisho, kule Roma walipomaliza kusaini nani alizikusanya bunduki? Maana padri hawezi.

Msomaji_Darajani
Umoja wa Mataifa. Walipeleka kikosi kinaitwa ONUMOZ, maelfu ya askari na polisi, wakawavua silaha wapiganaji wa pande zote mbili, wakimbizi wakarudi, halafu Oktoba 1994 uchaguzi. Frelimo wakashinda, Renamo wakapata viti 112 katika 250, wakaingia bungeni na suti. Mapigano yalirudi kwa kiasi 2013 na mkataba mwengine ukasainiwa Agosti 2019. Ule wa Roma ulishika miaka ishirini, mtoto aliyezaliwa 1992 alimaliza skuli hajasikia bunduki.