Mjadala: Mlokole mwenye watoto tisa anawasomesha nyumbani. Aachwe au apelekwe mahakamani?

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Wakuu, hili limewagawa hadi wazee wa kanisa huku kwetu. Kuna familia ya walokole, watoto tisa, baba analima viazi, mama alikuwa mwalimu wa msingi akaacha kazi. Hakuna mtoto wao anayekwenda shule sasa hivi, wanasomea sebuleni. Juzi mtendaji na afisa elimu kata wamefika mlangoni: muhula ukifunguliwa watoto wawe darasani, la sivyo ni mahakamani.

Mle ndani nimeingia, siongei ya kusikia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wameshaamka, na baridi ya Uyole mnaijua. Wanaimba, wanasali, kila mmoja anasoma mstari wake wa Biblia, hata yule mdogo anayeokoteza herufi, halafu chai na viazi. Ukuta mmoja umepakwa rangi nyeusi, ndio ubao. Siku hiyo kijana wa miaka 11 alikuwa anapiga hesabu ya lumbesa: gunia kisheria lisizidi kilo 100, dalali kashindilia hadi 130, baba kauza magunia 40. Akapata kilo 1,200 zilizoondoka bure. Akamgeukia baba yake: "Kumbe tulimpa magunia kumi na mawili ya bure, na ukamshukuru?" Mzee alicheka kwa shida.

Baba anasimama kwenye Kumbukumbu la Torati 6:7, kwamba kazi ya kuwafundisha watoto kapewa mzazi, nyumbani na njiani. Serikali nayo inasimama kwenye Sheria ya Elimu ya 1978, kifungu cha 35: mtoto wa miaka 7 hadi 13 lazima aandikishwe.

Msimamo wangu: sheria iko sawa kutaka mtoto asome, ila haijaacha mlango kwa anayesoma kweli nje ya shule. Usipoandikishwa huna namba ya PREM, ile namba ya utambulisho ya mwanafunzi wa msingi, bila PREM hufanyi upimaji wa darasa la nne wala mtihani wa la saba. Sekondari tuna QT, mtihani wa maarifa kwa wasiopita shuleni, na watahiniwa wa kujitegemea, kwa nini msingi kusiwe na kitu kama hicho? Waandikishwe shule ya jirani, wasome kwao, mitihani wafanyie shuleni. Afrika Kusini tangu sheria ya shule ya 1996 mzazi anaomba usajili serikalini, anafundisha mwenyewe, na dunia haijapasuka.

Ticha Mstaafu (Tukuyu)

Kijana, ugonile. Mimi nilishika chaki 1978, mwaka mmoja baada ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, kuanza nchi nzima. Darasani kwangu mtoto wa mchungaji alikaa dawati moja na mtoto wa mganga wa kienyeji, na wote wawili wakanishinda kwa utundu. Hicho sebule haikupi.

Halafu walokole wetu wanasahau historia yao. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 hawakuleta kanisa peke yake, shule ilikuja nayo. Babu zetu wengi walijua kusoma kwa sababu ya misheni. Leo Mkristo wa huku huku anamtoa mtoto shule kwa jina la Yesu! Kama tatizo ni dini, vipindi vya dini vipo, mchungaji aende akafundishe badala ya kulalamika madhabahuni.

Na usituletee Afrika Kusini tu. Ujerumani hairuhusu, wazazi Wakristo walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakagonga mwamba mwaka 2006. Mahakama ilikubali kwamba mtoto kukua pamoja na wenzake wa imani nyingine ni hoja halali ya serikali.

Mtu wa Ipogolo

Kamwene nyote. Mwalimu, shikamoo, lakini dawati unalolisema kwa mwanangu halipo. Wanakaa wanne wanne na wengine chini. Mwalimu mmoja, kelele tupu, mtoto yuko la tatu anasoma kwa kukariri picha. Nikimkuta mama aliyesomea ualimu ana wanafunzi wanane sebuleni, nampelekea na wangu.

chapa_kazi

Ukimpelekea wako hiyo ni shule bubu mkuu, haijasajiliwa, utaitwa bomani na wewe 😂

Mama Pacha (Mwanjelwa)

Mleta mada umesimulia lumbesa vizuri. Binti mkubwa alikuwa wapi wakati huo?

Mleta mada

Dada, nilimwona. Ana miaka 15, alimaliza la saba kabla mama hajaacha kazi. Mgongoni kafunga kitindamimba, mkononi kashika daftari la wadogo zake anasahihisha, kila baada ya muda anakimbilia maharage jikoni. Ndiyo maana nataka usajili, serikali ijue mle ndani kuna nini.

Mama Pacha

Hapo ndipo mnaponichosha. Mnabishana Torati na Ujerumani, na shule yote hiyo imekaa mgongoni kwa huyo binti. Mama ana watoto tisa, hata awe na shahada hawezi kufundisha madarasa sita, kupika na kunyonyesha. Anayejaza pengo ni nani? Mimi ni mzaliwa wa kwanza kwa baba mchungaji, tulikuwa wanane, hayo nayajua bila kuhadithiwa. Watoto ni baraka, Zaburi 127 naijua kwa kichwa, lakini sijaona ilipoandikwa kwamba dada yao ndiye awalee.

Na sheria uliyoinukuu inaishia miaka 13. Afisa elimu kata kaja na orodha, binti hayumo. Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10, ila hiyo ni kwa wanaokuja nyuma yake. Baba akishinda, binti anabaki jikoni. Serikali ikishinda, wadogo wanaenda shule, yeye anabaki na mtoto mgongoni.

Ticha Mstaafu

Mama Pacha kanena. Kama ana cheti cha la saba, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wanapokea wa QT. Akifaulu anakwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na anaweza kusoma akitokea nyumbani. Baba hana hata cha kupinga, si ndicho anachokitaka?

Mleta mada

Naongea na mzee Jumapili baada ya ibada. Mwalimu, naomba kujua usajili unafungwa lini, na kama wanataka cheti cha kuzaliwa, maana nahisi huyo binti hana.