Vikao vya wazee waliofukuzwa kwenye ardhi yao vinakwama wapi? Tupeane uzoefu

Mzizi: Wanaoendesha vikao hivi vya wazee kusimulia yaliyowapata, mnafanyaje mtu akiganda katikati ya simulizi? Na nani atafsiri?

Kinubi: Mkalimani asiwe mjukuu. Mzee hatataja aliyotendwa mbele ya mtoto aliyemlea. Atasema "tulihama", basi.

Nasaha: Pabaya zaidi ni pale mtu anapoacha kusimulia akawa amerudi kule kule. Macho yanakodoka, pumzi inakatika, ukimwita haitikii. Wengi huharibu hapo kwa kuuliza "ikawaje?" Acha simulizi. Mwite jina, akanyage chini kwa nyayo zote, ataje vitu vitano anavyoviona, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Usimshike bila ruhusa, huenda alitolewa nyumbani kwa kushikwa hivyo hivyo. Ndiyo maana waendeshaji huwa 2 kwa watu wanane hivi: mmoja atoke naye, mwingine abaki na kundi. Na msimkamue amalize yote siku moja eti atue mzigo, mnaweza kumzidishia. Kesho yake mpitieni.

Tumbili: Hapo pa kumshika, kweli tupu.

Hoja: Mnakuza mambo. Mpeni shamba lake, kiwewe kitaisha. Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau kule Kenya waliofukuzwa humo, si Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwaamulia shilingi 100,000,000 za Kenya za maumivu mwaka 2022?

Nasaha: Mkuu, kuamuliwa si kulipwa. Ila ardhi ni sehemu ya tiba, sikupingi. Hukumu hiyo ilitaka pia wapewe hatimiliki ya pamoja.

Mto Mkavu: Tazameni Kanada. Watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walipitishwa shule za bweni, wakanyolewa, wengi wakaitwa kwa namba, wakachapwa wakisema lugha ya nyumbani. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Walipozaa hawakuwa wameona mzazi akilea, na kidonda kikahamia kwa wana.

Tumbili: Namba?! Mtoto?

Kinubi: Hao waliochapa walishtakiwa?

Mto Mkavu: Wachache sana. Sikilizeni hili kwanza: utafiti wa Chandler na Lalonde wa 1998, British Columbia, ulikuta jamii zinazoendesha shule, afya na ardhi zao zina vijana wachache mno wanaojiua. Basi mzee apewe darasa la lugha, asiitwe mgonjwa.

Hoja: Ndicho nilichosema mimi!

Mzizi: Na fomu za kuandikia anayosimulia mzee je?

Tumbili: Mwenye fomu ya kurasa kumi aanze kuijaza yeye.

Kinubi: Andikeni, kumbukumbu hupotea. Ila baada ya kikao.

Nasaha: Akisema "nimechoka kuishi", muulize wazi kama anawaza kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na sumu za shamba na za mifugo zitoke nyumbani usiku huo huo.