Baba Mkubwa ametia komeo

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI

Zena: Assalaam alaykum. Natoka kwa Baba Mkubwa, barabara ya 9. Katia komeo, tumeongea dirishani. Shati lile lile la sikukuu.

Rama: Waalaykum salaam. Mzee anakula?

Zena: Wali wa juzi umechachia kwenye hotpoti. Dawa za presha hajagusa. Magazeti yamejaa mpaka kitandani.

Salum (Muscat): Tafuteni fundi avunje komeo, vijana wasafishe siku moja, kazi kwisha. Gharama juu yangu.

Shangazi Mwanjaa: Juu yako kama zile bati 🙂

Salum (Muscat): Shangazi jamani

Zena: Afisa ustawi wa jamii wa kata kakataa katakata habari ya kuvunja. Anasema akili ya mzee ipo, tarehe anaijua, pensheni yake anaihesabu, tusimwingilie kama wezi. Tukimtupia vitu vyake leo, kesho hatufungulii tena.

Rama: Ustawi si wa kesi za ndoa na matunzo ya watoto?

Zena: Hata mimi nilidhani hivyo, mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyenielekeza. Afisa mwenyewe binti mdogo tu. Siku ya kwanza alikaa barazani, wakazungumza reli nusu saa, mzee yuko dirishani. Ya pili akafunguliwa. Juzi, mara ya tatu, akamwomba amsomee gazeti. Mzee kalishika juu chini.

Shangazi Mwanjaa: Subhanallah

Zena: Haoni! Huenda ni mtoto wa jicho, daktari atasema. Tena mwezi wa Rajabu alianguka chooni, akanyamaza. Ndiyo maana haogi, anaogopa kuingia kule. Na dawa hajui ipi ya asubuhi ipi ya usiku.

Rama: Kila Ijumaa nikipiga ananiambia "mzima mimi"

Shangazi Mwanjaa: Kaka yangu huyo. Tangu wifi atutoke, nani wa kumwambia shati limechafuka? Na mimi nikadhani kaninunia, nikaacha kwenda.

Zena: Jumanne nampeleka hospitali ya Bombo, kliniki ya macho. Afisa anafuatilia kitambulisho cha matibabu bure cha wazee, ila wanaangalia na uwezo.

Rama: Ana watoto wawili wana kazi. Tutaonekanaje?

Shangazi Mwanjaa: Mtaonekana mlivyo.

Zena: 🙈 Chooni panatakiwa bomba la kushikia, na taa. Magazeti msiguse, kakubali kuanza mwenyewe na rundo la karibu na jiko, maana pale moto unaweza kushika.

Salum (Muscat): Bomba na taa mimi. Natuma leo.

Shangazi Mwanjaa: Leo ya huko au ya huku?

Salum (Muscat): Nishatuma, Zena angalia simu

Zena: Imeingia 🙏

Rama: Napanda basi Jumatatu asubuhi. Nije na nini?

Shangazi Mwanjaa: Mashati. Meupe, na yasiwe ya kubana.