Naomba ushauri: EL34 mbili za upande mmoja zinakuwa nyekundu

Wakuu, hiki ni kichwa cha ampu ya gitaa, wati 100, chenye tyubu nne za nguvu aina ya EL34. Anodi (mabamba ya chuma ya ndani) za tyubu mbili za upande mmoja zinakuwa nyekundu baada ya dakika chache na sauti inakwaruza. Nimezihamishia upande wa pili, wekundu umebaki kwenye soketi zilezile. Tyubu zote nne zikiwa nje, pini ya 5 (gridi, inayopokea bayasi, yaani volti hasi ya kuzuia mkondo wa tyubu usizidi) inasoma volti -38 upande mzima, -21 upande mbovu. Basi si tyubu. Nashuku kapasita ya mikrofaradi 0.022 inayotoka kwenye ECC83 (tyubu ndogo) ya kugeuza fezi inavujisha DC (umeme mnyoofu) hadi kwenye gridi hiyo. Nibadilishe kapasita za pande zote mbili kwa za volti 630, pamoja na rezista za bayasi? Na transfoma ya kutoa sauti, ambayo ndiyo inanitia hofu zaidi, naipimaje kabla ya kuwasha tena?