Kahawa ya siagi asubuhi: huko ni kufunga au ni kufungua kinywa?

Mkaa Baraza:

Juzi saa moja asubuhi nilikuwa Mkunguni, mbele ya Ngome hapa Amu (Lamu), nimekaa na wenzangu twangoja kahawa. Akaja kijana wetu mmoja anayefanya kazi nyumba ya wageni kule Shela. Akaomba finjani yake kama sote, kisha akatoa mfukoni kijichupa cha samli, akatia kijiko kizima. Samli haikuchanganyika. Ilielea juu, macho ya manjano yakawa yazunguka, na finjani yenyewe ni ndogo hivyo ikamfurikia vidoleni. Muuza kahawa aliweka dele lake, lile birika la kahawa, chini akamwambia, "Hiyo utaiosha mwenyewe." Tukacheka. Kijana hakucheka. Akasema, "Mimi nimefunga tangu jana usiku."

Kwa wasioijua habari hii: kuna Mmarekani aitwaye Dave Asprey aliyeonja chai ya siagi ya yak, ng'ombe wa milimani, huko Tibet mwaka 2004. Mwaka 2009 akatangaza kahawa yake aliyoiita Bulletproof, yaani kahawa nyeusi, siagi isiyo chumvi, na mafuta yanayochujwa kutoka kwenye nazi, vyote vikapigwa blenda hadi vitoe povu kama maziwa. Wanaoifuata hawali asubuhi. Wanywa hiyo tu, na husema bado wamefunga. Wageni wa yoga wameileta Shela, na sasa imefika mjini.

Sina ugomvi na kahawa ya mtu. Ugomvi wangu ni hilo neno. Kufunga kwa lugha yetu ni kufunga mlango wa kinywa, na chakula cha asubuhi hatukukiita kifungua kinywa bure. Kinachofungua si lazima kitafunwe. Wallahi ukinywa bakuli la supu ya mbuzi hutasema umefunga kwa sababu hukutumia meno.

Tena wenye kahawa yao watazameni. Ethiopia, ambako mbuni ulitoka, ziko sehemu watu hutia siagi na chumvi kwenye kahawa tangu zamani. Waborana na Wasomali, jirani zetu hawa, hukaanga buni nzima kwa samli wakala. Basi siagi si uvumbuzi wa mtu wa Marekani. Lakini Mhabeshi wa kanisa la Orthodoksi ikifika siku ya mfungo, kitu cha kwanza anachoacha ni nyama, maziwa na siagi. Kahawa yake hainywi na siagi siku hiyo. Na hao wa Tibet chai yao huila pamoja na unga wa shayiri, kwenye baridi ya milimani, na hawakusema kamwe kwamba ni saumu. Ni chakula.

Mnasemaje?

Kijana wa Shela:

Ami, shikamoo. Kijana huyo ni mimi, na finjani niliiosha.

Nakosea kusema "nimefunga" mbele ya wazee, nakubali, maana mtu atadhani ni sunna ya Alhamisi. Saumu naijua, na maji yenyewe hayapiti. Huu mfungo mwengine ni wa saa 16: nala kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, basi. Hoja ya siagi ni kwamba sukari na wanga hupandisha insulini, ile homoni inayosimamia sukari ya damu, na insulini ikipanda mwili huacha kuchoma mafuta. Siagi haiipandishi hivyo. Kwa hiyo tumbo linatulia na mwili unaendelea na kazi yake. Tangu nianze, miezi mitatu sasa, nimepungua kilo sita. Mkanda wangu umeongezwa matundu mawili. Hilo nalo mtasema ni lugha?

Mama Mahamri:

Mimi nauza mahamri mlangoni kwangu mtaa wa Langoni kabla jua halijatoka, hamri moja shilingi 10, mbaazi za nazi kwa bakuli. Huyu kijana nilimlea kwa mahamri yangu, leo anapita ananisalimia kwa mbali kama mwenye deni. Mwanangu, robo kilo ya siagi inapita shilingi 300 dukani, na ukitia vijiko viwili viwili kila siku, siku kumi haimalizi. Pesa hiyo ningekulisha wewe na mwenzako hadi Ijumaa. Sisemi zaidi, nisije nikaambiwa natetea biashara. (Naitetea.)

Fundi wa Matondoni:

Nimejaribu siku tatu. Mke wangu aliiona kwenye simu. Njaa kweli haikunijia, sitasema uongo, nilishinda hadi adhuhuri nachonga mataruma, mbavu za jahazi, bila kukumbuka chakula. Kilichokuja ni tumbo. Siku ya pili nilishuka kwenye jahazi mara nne nikikimbilia chooni, na wanafunzi wangu wakihesabu kwa sauti. Nimerudi kwa mkate wangu wa mofa.

Muuguzi wa Zamu:

Nimetoka zamu sasa hivi, nitaandika kabla usingizi haujanichukua.

Kijana, insulini umesema kweli kwa sehemu. Mafuta matupu hayaipandishi sana. Lakini mwili ukipewa mafuta utachoma hayo kwanza, kwa nini uhangaike na ya kiunoni? Hesabu ni hii: kijiko kikubwa cha siagi kina kama kalori 100, cha mafuta ya nazi kama 120. Vijiko viwili vya siagi na kimoja cha nazi, kama wafanyavyo wenye Bulletproof, ni kama 320. Kahawa tungu peke yake haifiki 5. Kwa hiyo kati ya kahawa tungu na hiyo kuna mlo mzima. Kilo sita ulizipunguza kwa kuacha kitu fulani, na sidhani ni kwa kuongeza siagi. Ulikuwa unakula nini asubuhi?

La pili ni aina ya mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yale yanayoganda yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na kwa mtu wa kalori 2000 hiyo ni kama gramu 22. Kikombe kimoja cha namna hiyo kina kama 25. Ukikinywa umemaliza haki yako ya kutwa kabla ya saa mbili asubuhi. Na mafuta ya nazi ni ya jamii hiyo hiyo, ila joto la Amu haliyaachi yakagande tukayaona.

Mama Mahamri usifurahi mapema. Tui lako nalo ni mafuta hayo, na hamri limekaangwa. Ila mbaazi zenyewe ni chakula hasa: kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina gramu kama 11 za protini na nyuzinyuzi kiasi hicho hicho. Siagi haina hiki wala kile.

Nawe Mkaa Baraza, kwa kuwa umeanzisha: kahawa ya dele huchemshwa na haipiti kwenye karatasi ya kuchujia. Kahawa ya namna hiyo hubaki na mafuta yake ya asili yanayopandisha kolesteroli. Unakunywa finjani ngapi kwa siku?

Mkaa Baraza:

Tusiingie huko.

Mkulima wa Mpeketoni:

Naomba niingie kama Mkristo. Mzee, mfano wako wa Ethiopia ni mzuri lakini umejikata nao mwenyewe. Huyo Mhabeshi siku ya mfungo akila, anakula: dengu, mboga, injera. Ameacha vitu vya mnyama tu, na kwao huko ni kufunga kamili. Na mimi Kwaresima nimefunga kwa kuacha nyama na pombe siku arubaini nikila ugali wangu kila siku, na hakuna aliyeniambia sijafunga. Kwa hiyo neno hili halina maana moja iliyokaa Mkunguni peke yake. Kama kijana ameacha kitu kwa nia na kwa saa alizoziweka, mbona tumnyang'anye neno?

Mkaa Baraza:

Ndugu yangu, hapo umenishika. Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi.

Nakubali kwamba kufunga ni kwa namna nyingi. Lakini hata kwa mfano wako, kila mfungo una kitu kinachoachwa, na mfungaji anajua ni kipi. Wewe uliacha nyama. Mhabeshi anaacha siagi. Mimi naacha kila kitu tangu alfajiri mpaka magharibi, na hapa kwetu karibu na ikweta hiyo ni saa kumi na tatu na kitu, mwaka hadi mwaka. Sasa mwana wa ndugu yangu hajajibu swali la muuguzi. Umeacha nini?

Kijana wa Shela:

Mahamri manne, ami. Wakati mwengine matano. Na chai ya maziwa vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Na viazi karai nikipita pale gatini.

Muuguzi wa Zamu:

Ndiyo hizo kilo sita.

Mama wa Wanne:

Nimesoma yote, nina swali langu la kweli. Kijana wangu yuko kidato cha nne na Ramadhani humshinda kuamka kula daku. Ameniambia mwaka huu atakunywa hii kahawa ya siagi tu saa kumi usiku, ati itamshikilia kutwa. Nimruhusu? Na baba yake ana sukari, anataka kuiga naye aache staftahi siku za kawaida.

Muuguzi wa Zamu:

Dadangu, tuanze na baba maana huyo ndiye wa hatari. Kama anachoma sindano ya insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, asiache mlo wowote kabla hajaonana na kliniki yake. Dawa inashusha sukari ikiwa chakula kipo au hakipo. Asubuhi asipokula, sukari yaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na akiwa peke yake anaweza kuanguka. Akiona dalili hizo ampatie mwili sukari mara moja, soda ya kawaida au maji ya sukari. Siagi haitamwokoa hapo, haiwi sukari kwa haraka.

Kijana wako ni mzima, haitamuua, lakini daku ya mafuta matupu kwa mtoto anayekua na anayekwenda darasani si daku. Ampe tumbo kitu cha kusaga polepole: mbaazi au maharagwe, yai, tende, ndizi, na maji ya kutosha. Asiyependa kula usiku aanze na kidogo. Na kama amezoea kahawa kila asubuhi, aipunguze taratibu kuanzia wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama. Kile kichwa kinachowapasua watu Ramadhani siku za kwanza, mara nyingi ni kahawa iliyokatwa ghafla, na wao husema ni njaa.

Mama wa Wanne:

Ahsante dadangu. Baba amesoma, amenyamaza.

Kijana wa Shela:

Basi nami nimefikiri. Saa zangu 16 nitaendelea nazo, zimenifaa. Siagi nitaitoa, nitakunywa kahawa tungu tupu hadi saa sita, na hapo hata muuguzi hana la kunishika. Mama Mahamri, mchana unauza mbaazi?

Lakini ami nina moja nalo. Jana nimekaa Mkunguni nikitazama sahani iliyo katikati yenu. Ile haluwa mnayoteremshia kahawa imepikwa kwa sukari na samli, na ukiibonyeza kwa kidole samli inatoka. Kijiko changu kimoja mlikicheka. Ninyi mmekula nusu sahani.

Mkaa Baraza:

Tumekula, na tulisema tumekula.

Kijana wa Shela:

Haya. Kesho baada ya magharibi nakuja kula nanyi. Haluwa ni juu yako.

Mama Mahamri:

Mchana nauza. Njoo na bakuli lako.