Naomba ushauri: spika za nyuma, 6x9 au inchi 6.5?

Wakuu habari. Gari ni sedani, matundu ya nyuma chini ya kioo ni ya 6x9 (spika za umbo la yai, inchi 6 kwa 9), na kina kutoka kwenye bati hadi vyuma vya buti ni milimita 80 tu. 6x9 nyingi zenye sumaku kubwa zinagonga hapo, na ringi ya plaiwudi ya milimita 12 itainua spika hadi iguse kava la juu.

Mbele kuna inchi 6.5 zenye twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za pembeni. Redio inatoa kama wati 20 halisi kwa kila chaneli (ile "50x4" ya kwenye boksi, yaani wati 50 kwa chaneli nne, ni ya kutangaza tu), na sina mpango wa ampu (kikuza sauti). Kwa nguvu hiyo naona usikivu (sauti ambayo spika inatoa kwa wati moja) ndio wa kuangalia: spika ya desibeli 92 inahitaji nusu ya wati za ile ya 89.

Sabufa (spika ya besi) ya inchi 10 ipo buti, ina ampu yake. Sasa, nyuma nikikata besi chini ya hezi 80, 6x9 bado ina faida? Au nifunge 6.5 nyembamba kwa adapta? Za omu 2 (kipimo cha ukinzani wa spika) msinitajie, redio inataka 4.